Fundi wa Nyumbani: Gundi ya Joto Kali na Taa za Ziwa Kivu

Juma lililopita tulipokea barua kutoka Gisenyi, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, wilayani Rubavu, nchini Rwanda. Mwandikaji ni mke wa askari. Mumewe yuko kazini mbali na nyumbani, naye, kwa kuwa hakutaka akiba yao ikae bure, ameingia ubia na dada yake katika uvuvi wa sambaza. Dada ametoa chombo na wavu. Yeye ametoa taa sita za LED pamoja na betri zake. Katika miezi mitatu taa mbili zimekwisha kuzimika, na kila moja ilipofunguliwa ilikutwa na maji. Fundi mmoja amemshauri kwamba zile nne zilizosalia zijazwe gundi ya epoksi, tena ile inayoitwa "ya joto kali", ambayo bei yake ni mara tatu ya gundi ya kawaida. Mama huyu anauliza kama ushauri huo ni wa kweli ama ni maneno ya biashara tu.

Nimeitanguliza barua hii mbele ya nyingine zilizokuwa zikingoja zamu, nami nakiri sababu. Jambo analoliuliza nimewahi kulikosea mimi mwenyewe, katika mji huo huo, na kosa langu lilimgharimu mtu mwingine kazi ya usiku mzima.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hiyo, yafaa niseme machache. Sambaza ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa katika Ziwa Kivu kuelekea mwaka 1960. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukateremshwa majini, kisha taa zikawashwa. Samaki huifuata nuru, wakakusanyika juu ya wavu, nao wavuvi wakauinua. Mbalamwezi ikiwa kali kazi hulala, kwa maana nuru ya mwezi huishinda nuru ya taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi LED na betri zimeshika nafasi yake. Hapo mtaelewa kwamba taa katika chombo hicho si pambo. Ikizimika, wavu hupanda mtupu, na watu waliopiga makasia tangu machweo hurudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa Gisenyi kwa muda. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye mitumbwi, naye aliponiona nikitengeneza redio barazani aliniletea taa zake nne nimzibie maji yasiingie. Nikanunua kopo la epoksi ambalo juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba lahimili digrii 180 za sentigredi. Jioni nikachanganya, nikamimina, na asubuhi gundi ilikuwa ngumu kama jiwe la volkano ya Nyiragongo. Nikazipeleka taa kwa majivuno. Usiku wa kwanza zikawaka vizuri, na wa pili pia. Usiku wa tatu, manyunyu yalipoanza ziwani, mbili zikapepesa na kufa, na ya tatu ikazifuata kabla ya alfajiri. Mzee hakunigombeza. Alizipanga taa zake juu ya meza yangu na kusema, "Fundi, zimekufa kama kuku wa kideri." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Majirani walikuwa na jibu lao: gesi ya ziwa ndiyo inayokula nyaya. Ni kweli kwamba Ziwa Kivu lina gesi. Tangu mwaka 1963 palikuwa na kituo kidogo pale Cap Rubavu kilichotoa methani ya kuchemshia maji katika kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt huko Karongi ambao huizalisha umeme gesi hiyo hiyo. Na ni kweli pia kwamba maji ya kilindini yana hewa ile yenye harufu ya yai viza, ambayo huigeuza shaba na fedha kuwa nyeusi. Lakini gesi hiyo iko chini sana; sehemu iliyo na gesi nyingi iko chini ya mita 250. Taa ya mvuvi yaning'inia juu ya maji. Haikuwa haki kulisingizia ziwa.

Nikachukua msumeno wa chuma nikaipasua taa moja katikati. Nilichokiona ndicho kisa cha makala hii.

Bodi ya saketi ilikuwa imelala ndani ya gundi kama mdudu ndani ya kaharabu. Gundi ilikuwa safi, isiyo na ufa kwa nje. Lakini waya mwembamba unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye LED ulikuwa umeng'oka katika risasi yake, kana kwamba mtu ameuvuta kwa koleo. Karibu na pembe moja palikuwa na ukungu mweupe, na chini yake shaba imefanya kutu ya kijani. Nikaiwasha taa ile moja iliyosalia, nikaiacha saa nzima, kisha nikaukandamiza ukucha wangu juu ya gundi iliyokuwa mgongoni. Ukucha ukaacha alama. Gundi iliyokuwa jiwe asubuhi ilikuwa imegeuka kuwa kitu mfano wa ngozi mbichi.

Watu wengi hudhani kwamba LED haina joto kwa kuwa mbele yake hapaunguzi. Joto lake liko nyuma. Kasha la alumini la taa yenye nguvu, likifanya kazi, laweza kufika digrii 70 au kupita. Sasa epoksi, hata ikiwa imekauka, ina kiwango chake cha kulegea. Chini ya kiwango hicho ni ngumu kama kioo. Juu yake hulegea, tena huvimba kwa kasi iliyo mara mbili au tatu ya ile ya kwanza. Epoksi iliyogandia barazani tu, bila moto, aghalabu hulegea penye digrii 50 hadi 60. Kwa hiyo kila jioni taa ilipopata moto gundi yangu ililegea na kuvimba, na kila manyunyu yalipoipiga ilinywea na kukaza ghafula. Shaba huvimba kidogo mno ikilinganishwa na gundi hiyo. Katika mvutano huo kilichokuwa dhaifu kuliko vyote kilikatika, nacho kilikuwa ule waya.

Je, kopo lilinidanganya kwa kuandika digrii 180? La. Chini ya zile herufi kubwa palikuwa na herufi ndogo, ambazo fundi mwenye haraka hazisomi: "baada ya kuokwa kwa digrii 150, muda wa saa 4". Epoksi ni vitu viwili vinavyoshikana mikono, utomvu na dawa yake ya kugandisha. Penye ubaridi mikono mingi hushikana, lakini si yote, kwa maana mchanganyiko ukisha kuwa mgumu chembe zake haziwezi tena kutembea kutafutana. Ukiutia moto, zile zilizosalia hupata nafasi ya kusogea na kushikana, na kiwango cha kulegea hupanda. Wala hakipandi sana juu ya joto la uokaji. Kwa hiyo uhimilivu wa joto haumo ndani ya kopo unalolinunua. Kopo linakuuzia uwezekano wake tu. Sehemu iliyobaki hutoka jikoni. Mimi nililipa bei ya digrii 180 nikapata gundi ya digrii 55.

Mambo haya si mapya. Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani walizifanyia kazi epoksi kwa nyakati zinazokaribiana, na tangu miaka ya 1940 zilianza kuuzwa. Viwanda vya umeme vilizipokea upesi kwa sababu hushika chuma, hukataa maji na haziupitishi umeme. Koili ya pikipiki, transfoma kavu, na vile visanduku vyeusi visivyofunguka vilivyomo ndani ya mashine nyingi, vingi vimezikwa humo. Mara nyingine kasha hubaki pamoja na gundi, kama katika taa zetu. Mara nyingine gundi humiminwa ndani ya kalibu, na ikishaganda kalibu huondolewa. Kwa nyumbani njia ya kwanza ndiyo rahisi.

Turejee Gisenyi. Tanuri la digrii 150 lenye kipimajoto cha kuaminika si chombo kinachopatikana katika kila nyumba, nami nakataza kabisa kutumia tanuri la mikate ya watoto. Lakini kila nyumba ina sufuria na maji, na maji yanayochemka ni kipimajoto ambacho hakidanganyi. Hapa pana jambo ambalo akina mama wa Gisenyi wanalijua bila kufundishwa: maharagwe huko hukawia kuiva kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakifika digrii 95 hivi, si 100. Ongeza kuni upendavyo, hayatapita hapo. Basi mwenye sufuria inayochemka Gisenyi ana tanuri la digrii 95, na kwa taa ambayo haipiti digrii 75 tanuri hilo latosha. Kwa kifaa kinachokaa ubavuni mwa injini ya pikipiki halitoshi, na hapo mpelekee mwenye tanuri la kweli.

Sasa ununuzi. Kuna epoksi za joto kali ambazo hazigandi kamwe bila moto mkubwa. Hizo ziache dukani. Chagua ile ambayo karatasi yake yasema kwamba huganda kwa joto la chumbani na kwamba huongezewa nguvu kwa kuokwa. Ikiwa imetiwa unga wa mawe ndani yake ni bora zaidi, kwa sababu unga huo hupunguza kuvimba na kulipitisha joto kwenda nje. Kopo la namna hiyo huwa zito, na lazima likorogwe hadi chini kabla ya kupima, maana unga hutuama.

Kabla ya kumimina, taa na iwashwe usiku mzima ikiwa wazi. Kasoro itakayozikwa haitafukuliwa tena. Ile kutu ya kijani niliyoiona ilitokana na uvivu wangu: sikuyasafisha mabaki ya dawa ya kulehemia, nami niliifunga bodi siku ya mvua, nayo ilikuwa imebeba unyevu wake. Isugue bodi kwa brashi laini na spiriti safi, kisha iache mahali pakavu penye joto la digrii 60 kwa muda wa saa kadhaa. Juu ya sanduku la betri la mtambo wa sola si mahali pake. Nimeona watu wakifanya hivyo.

Tazama pia kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Ubavuni pameandikwa 85 au 105. Zenye 105 zitaustahimili uokaji wetu. Zenye 85 zibadilishwe kwanza, na bei yake ni ndogo. Waya mwembamba uwekewe mkunjo kidogo usikaze, na vitu vinavyovunjika upesi vipakwe utando mwembamba wa silikoni uachwe ukauke. Isiwe silikoni inayonuka siki, kwani hiyo hula shaba. Wala usiipake kila mahali, kwa sababu epoksi haishiki juu ya silikoni, na pale isiposhika maji hupata njia.

Kupima ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Karatasi ikisema gramu 100 kwa gramu 30, tumia mizani, wala usikisie kwa kijiko. Pana imani kwamba ukizidisha dawa ya kugandisha gundi itakuwa ngumu zaidi. Si kweli: dawa iliyozidi hukosa wa kushikana naye, ikabaki humo kama mgeni asiye na kitanda, na gundi yote huwa laini. Koroga taratibu, kwangua pembeni na chini, kisha uhamishie katika chombo cha pili na ukoroge tena. Kwa mapovu ya hewa viwanda vina pampu za kuyavuta. Wewe lisimamishe kopo la utomvu ndani ya maji vuguvugu ya digrii 40 kabla ya kuchanganya, upate kuwa mwepesi, na umimine kwa mkondo mwembamba kama uzi kutoka upande mmoja, ukiiacha gundi itembee yenyewe hadi upande wa pili. Mapovu hubaki nyuma. Jaza nyuma tu penye bodi. Uso wa LED usiguswe, kwa maana epoksi hugeuka manjano kwa mwanga na kuifisha nuru.

Usimimine zaidi ya kimo cha sentimita moja kwa mara moja. Epoksi ikiganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto hilo halipati pa kutokea. Kikombe kilichoachwa na gramu 200 chaweza kutoa moshi na kuyeyuka mezani. Ngoja tabaka la kwanza lishike na lipoe, ndipo uongeze la pili.

Siku ya pili ndiyo ya kuoka. Twaa kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kifuniko, weka taa ndani bila betri, na ulisimamishe juu ya vijiwe vitatu ndani ya sufuria ya maji. Maji yafike theluthi mbili za kopo. Weka jiwe juu ya kifuniko lisielee. Anza na moto mdogo, ili joto lipande polepole kwa muda wa saa mbili. Kisha acha maji yachemke kwa utulivu muda wa saa 6, au zaidi ikiwa karatasi yasema hivyo kwa joto hilo, ukiongeza maji ya moto, si ya baridi. Fanya kazi hiyo nje, upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Ukizima moto usifungue. Taa na ipoe humo humo hadi asubuhi, kwani kupoa ghafula huleta nyufa zile zile tulizozikimbia. Kopo hilo lisirudi tena kwenye kabati la chakula.

Hapa nawageukia hasa wenye watoto. Dawa ya kugandisha, kabla haijaganda, ni adui wa ngozi. Wako watu walioishika kwa mikono mitupu kwa miezi bila kuona kitu, kisha siku moja mikono ikafura na kuwasha, na tangu hapo hata harufu yake yawadhuru. Mwili ukisha kuikataa hausahau. Vaeni glavu zisizopenya, na ikidondoka mkononi ioshwe kwa sabuni na maji, si kwa petroli wala tina, ambazo huisukuma ndani ya ngozi. Vikombe na vijiti vilivyotumika viachwe vigande kabisa kabla ya kutupwa.

Na betri, ndugu wasomaji, isizikwe ndani ya gundi hata siku moja, wala isitiwe kwenye kopo la kuokea. Betri za lithiamu zikiharibika hutafuta mahali pa kutolea hewa, na zikikosa hupasuka. Fyuzi nayo ibaki nje, mahali ambapo mkono wa mvuvi waweza kuifikia gizani.

Mama yetu wa Gisenyi, jibu lako basi ni hili. Fundi wako amekushauri vema kwa nusu. Muulize ataioka wapi na kwa joto gani. Akiwa na jibu, lipa ile bei mara tatu. Akikuambia kwamba hujikaushia yenyewe kufikia asubuhi, nunua gundi ya kawaida, au bora zaidi badilisha mipira ya vifuniko, uipake grisi, na uitunze fedha yako. Usizifunge taa zote nne kwa pamoja kama nilivyofanya mimi. Zifunge mbili wakati wa mbalamwezi, vyombo vinapopumzika, uzitumie giza zima linalofuata, na mbili nyingine zibaki zinafunguka.

Zile mbili zilizokufa usizitupe. Mara nyingi LED zenyewe huwa nzima na kilichoharibika ni ile bodi ya nyuma, ambayo huuzwa peke yake. Moja yake iwe ya kujifunzia. Ikishaokwa, iwashe saa nzima, uikandamize gundi kwa ukucha. Ikiacha alama, irudishe kwenye kopo. Isipoacha, itumbukize ikiwa bado ya moto ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, uitoe, uiwashe tena, na urudie hivyo mara kumi kabla ya kumkabidhi dada yako aipeleke majini.